Kilomita za Babu

Nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, kilomita kumi zilikuwa na mahali pake. Zilianzia kwenye ngazi ya baraza, zikapita kibanja chini ya migomba, zikatokea kwenye nyasi wazi za rweya, zikateremka hadi kijitoni, zikapanda mpaka mlango wa kanisa la kigango, kisha zikarudi kwa njia ile ile. Hakuna aliyewahi kuzihoji. Baba yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Babu nami nitamwita hivyo, ndiye aliyetupa kilomita hizo. Ujanani alikuwa akipeleka kahawa ya maganda kwenye ghala la chama cha msingi lililokuwa pembeni mwa kanisa hilo, gunia kichwani. Kwenda na kurudi kulimchukua saa mbili za kutembea, na karani wa ghala akamweleza kwamba mtu mzima hutembea kilomita tano kwa saa. Tano mara mbili ni kumi. Kwa hesabu hiyo tulilelewa.

Isingemdhuru mtu, kama binti wa kaka yangu asingekuwa mkimbiaji. Yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na shabaha yake ni timu ya mkoa ya UMISSETA. Kila likizo hukimbia njia ya Babu kabla ya kuchota maji, saa ya mkononi ya mama yake ikiwa imefungwa kwa kitambaa isimteleze. Simu janja hatuna. Vitochi vyetu vinapiga, vinapokea na kumulika njia ya chooni usiku, basi. Asubuhi moja ya Desemba 2025 alirudi barazani, akasimamisha saa, ikasoma dakika 34 na sekunde 40.

Mwaka ule masikio yetu yalikuwa yamekwisha kufunguka kwa habari za riadha. Tarehe 15 Septemba, kule Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa 2:09:48 wote wawili, na baada ya kilomita 42.195 kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Miaka miwili kabla yake Magdalena Shauri alikuwa ameshika nafasi ya tatu Berlin kwa saa 2:18:41. Babu aliyasikia yote redioni na kuyashika. Rekodi ya dunia ya wanawake ya kilomita kumi barabarani ni dakika 28 na sekunde 46, ya Agnes Ngetich wa Kenya, aliyoiweka Valencia Januari 2024. Mtoto wa shule anayekimbia njia ya mbuzi akiwa nyuma ya hiyo kwa dakika sita tu, huyo si mtoto wa kuachiwa ndoo.

Bibi alichinja kuku. Kaka yangu alipigiwa simu Mwanza akiwa kazini. Babu akamaliza salio lake kuwaarifu ndugu wa Karagwe, wa Ngara na wa Geita, na mmoja wao akashauri binti apelekwe Arusha kabla shule hazijafunguliwa, maana huko ndiko wakimbiaji wanakokaa. Nauli ilianza kuchangishwa.

Aliyeshtuka wa kwanza ni binti mwenyewe. Katikati ya shamrashamra hizo wifi yangu, mama yake, alimtuma Bukoba kumpelekea mjomba wake senene. Mjomba huyo anakaa Rwamishenye. Alifanya kazi miaka mingi na wapima ardhi, akishika ncha moja ya cheni na baadaye ya futi ya chuma, na mpaka leo hapiti uwanjani bila kuukadiria urefu. Daktari alipomwamuru atembee kwa sababu ya sukari, alishuka mjini kwenye barabara tambarare ya ufukweni, upande wa uwanja wa ndege, akapima kilomita moja kamili na kuitia alama za rangi. Binti akaomba kuikimbia. Akaikimbia kwa nguvu zake zote, upepo wa ziwa ukimpiga ubavuni, akaimaliza kwa dakika 3 na sekunde 41, akakaa majanini anahema.

Hapo ndipo alipopiga hesabu kwa kidole mchangani. Dakika 34 na sekunde 40 ukizigawa kwa kumi ni dakika 3 na sekunde 28. Yaani nyumbani, kwenye vilima, anakwenda kilomita kumi mfululizo kwa kasi ambayo kwenye tambarare imemshinda hata kwa moja.

"Mjomba," alisema, "ama barabara yako ni ndefu, ama ya Babu ni fupi."

Mjomba alinyamaza kidogo. Kwetu yeye ni mkwe, ndugu wa mke. Kumwendea mzee mwenye mji na kumwambia kilomita zake zimepungua si mzigo wa kupakia kwenye hiace ya asubuhi. "Yangu naijua," alijibu mwishowe. "Ya Babu yako tutaipima. Ila wewe ndiye utakayemwambia kwamba inapimwa. Mimi nitakuja kusalimia."

Binti alirudi na ahadi hiyo, akamweleza baba yake mdogo kwanza. Mdogo wangu huyo ana moyo mzuri, ila subira hajajaliwa. Kwa nini kumngoja mtu wa Bukoba? Alianza na nguzo za umeme, kwa kuwa alisikia zimesimikwa mita hamsini hamsini. Akakuta nguzo zinakata moja kwa moja juu ya vibanja vya watu na njia yetu inazunguka. Akamfuata kijana wa bodaboda amsomee umbali kwenye dashibodi. Namba zilikuwa zimeganda zamani. Ndipo jicho lake lilipotua kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Kamba ile ni ya katani. Asubuhi hiyo ilikuwa imebeba joho kumi na mbili za kwaya, nyeupe, alizozishona wifi kwa ajili ya Krismasi na kuzifua ili chaki ya kukatia itoke. Mdogo wangu alizishusha moja moja kwa adabu, akazitandaza juu ya majani na magogo ya migomba yaliyokatwa muda si mrefu. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa kuhusu utomvu wa mgomba. Ukiwa mbichi haujionyeshi. Ukikauka unakuwa kahawia ya kuelekea weusi, na hakuna sabuni iliyowahi kuuondoa kwenye nguo nyeupe. Yeye naye anajua, ni mtoto wa kibanja. Akili yake ilikuwa barabarani.

Kamba aliipima kwa futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa yenye sentimita 150, mara ishirini, akafunga fundo kwenye mita 30. Kisha akamchukua mdogo wake binti, mvulana wa darasa la tano, wakaanza kuivuta. Mmoja anasimama, mwenzake anatangulia mpaka kamba ikaze, kijiti kinachomekwa, wanasogea. Walipofika kijitoni mvua ikaanguka. Ukanda huu wa magharibi mwa ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi zaidi, na ya Desemba haipigi hodi. Wakaendelea kuvuta ndani ya mvua. Lakini katani ikinywa maji nyuzi zake huvimba, msokoto hujikaza, na kamba nzima hufupika. Wao kila mvuto waliuita mita 30, mkavu kwa mbichi. Walirudi wanatetemeka na jibu lao: mivuto 296, yaani mita 8,880.

Wifi alikuwa amesimama uani na joho moja mkononi.

"Shemeji, hizi nani kazilaza hapa?"

"Shemeji, njia ni mita 8,880," alijibu, kwa kuwa ndilo jambo pekee alilokuwa nalo.

Joho tano zilikuwa zimeharibika, mbili kifuani, tatu kwenye pindo. Wifi hakupiga kelele. Alizikunja zote, aliingia nazo ndani akafunga mlango, na cherehani haikusikika tena mpaka siku iliyofuata. Kamba ilirudishwa mahali pake ikiwa imelowa matope. Chakula cha mdogo wangu kilipakuliwa na Bibi, maana mkono wa wifi haukukifikia. Hatimaye Bibi ndiye aliyetoa njia: joho zote kumi na mbili, nzima na zenye madoa, ziwekwe ukosi mpana na pindo la kitenge cha kijani, ionekane ni mshono uliokusudiwa, na aliyezitandaza ndiye akanunue kitenge. Alikwenda Muleba mjini siku hiyo hiyo. Kwaya ilizipenda kosi zile, nami nasema kwa dhati kwamba zilikuwa joho nzuri kuliko zilivyokuwa mwanzo.

Kwa vurugu hiyo, jambo likamfikia Babu kabla halijapelekwa. Aliuliza barazani ni nani anayepima njia yake. Binti alikwenda akapiga magoti.

"Ni mimi, Babu."

"Mke wangu, kumi hazikutoshi?"

"Zinanitosha, Babu. Nataka kujua kama ni kumi."

Alimtazama kwa muda. "Ipimeni. Lakini si kwa kamba ya nguo."

Mjomba alifika Alhamisi, baiskeli yake juu ya paa la hiace, kupitia Kemondo na Muhutwe na kupanda mlima hadi kwetu. Baiskeli ni ile ya wanaume tunayoijua sote, ya gurudumu la inchi 28, inayobeba mikungu ya ndizi mkoa mzima. Begani alikuwa na futi ya chuma ya mita 50 aliyoiazima kwa fundi ujenzi wa Kashai, na kwenye bomba la karatasi ngumu alikuwa na ramani ya zamani ya eneo letu yenye skeli ya 1:50,000. Alimwamkia Babu, akatafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, aliyopewa, akauliza habari za mazao na za mvua. Kuhusu njia hakusema neno mpaka Babu mwenyewe alipomwambia, "Mkwe, nasikia una kazi na sisi."

Usiku huo taa ilisogezwa mezani na ramani ikatandazwa. Kila aliyesoma jiografia sekondari ameifanya kazi hii: unalaza uzi juu ya mstari wa njia, unaufuatisha kila kona, kisha unaunyoosha juu ya rula. Kwenye skeli hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Binti alitumia uzi wa cherehani ya mama yake, akalowesha ncha ili ushike. Kwenda tu ulisoma sentimita 8, kwenda na kurudi 16. Kilomita nane.

Babu aliitazama ramani kwa huruma. Karatasi ni bapa, alisema. Haioni mlima wa kanisani, na sisi mlima huo tunaujua kwa magoti yetu. Ni hoja nzito, na watu wengi wanaiamini. Mjomba alichukua kalamu. "Waitu Baba, tufanye mlima unapanda mita 10 katika kila mita 100 za ramani. Huo ni mkali." Akachora pembetatu, akatafuta upande mrefu: mita 100 na nusu. Mlima unakula pumzi, umbali hauuongezi kwa kiasi cha kuonekana. Kinachopotea kwenye ramani, alieleza, ni mikunjo midogo: njia inayoukwepa mti, inayokizunguka kisiki, inayopinda kwa sababu ng'ombe wa zamani walipinda hapo. Mchora ramani wa skeli ile huinyoosha yote. Kwa hiyo nane ni ndogo. Kamba nayo, kwa kuwa ilianza safari na urefu mmoja na kuimaliza na mwingine, ilizidisha. Kweli ilikuwa imelala mahali fulani kati ya kilomita nane na mita 8,880, na chombo cha kuitoa kilikuwa baiskeli.

Baiskeli isidhaniwe kuwa ni njia ya waliokosa simu. Ndiyo njia rasmi ya kupimia mbio za barabarani duniani hadi leo. Ted Corbitt, Mmarekani mweusi aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ndiye aliyeipigania kwao na kuiandikia kijitabu mwaka 1964, akijifunza kwa Waingereza waliotangulia. Mwaka 1971 Alan Jones wa jimbo la New York na mwanawe mdogo Clain wakatengeneza kihesabio kidogo cha kufunga kwenye gurudumu la mbele, na vizazi vya kihesabio hicho bado vinatumika. Simu janja inakisia kwa setilaiti, na chini ya miti au kwenye kona nyingi ukisio wake hutangatanga. Hakuna rekodi ya njia inayokubaliwa kwa kipimo cha simu. Na hata wakubwa hupotoka. Alberto Salazar alitangazwa kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni New York mwaka 1981 kwa saa 2:08:13. Njia ilipopimwa upya ikaonekana imepungua takriban mita 150. Brighton, Uingereza, mwaka 2021 waliwakimbiza watu mita 568 za ziada kwa kuweka alama ya kugeukia pasipo pake.

Kazi ilianzia rweya, kwenye kipande kilichonyooka. Mjomba na binti walilaza futi ya chuma mara sita, wakapata mita 300, wakachomeka vijiti. Alichagua asubuhi ya mawingu, ingawa alikiri kwamba chuma ni kivumilivu: futi ya mita 50 ikipata joto la nyuzi kumi zaidi hurefuka kwa milimita zisizofika sita. Tairi ndilo lisilo na msimamo. Upepo ukipungua, baridi ikiingia, mtu mzito akipanda, gurudumu linabonyea na mzunguko wake unafupika. Ndiyo maana hakutaka kutumia vipimo alivyochukua Bukoba kabla ya kupanda huku kwenye baridi, na ndiyo maana baiskeli ilisukumwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyeipanda. Alifunga kipande cha tyubu kuukuu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele, kikawa kinagonga uma kila mzunguko: ta. Gurudumu hilo lina spoki 32, hivyo hata sehemu ya mzunguko inahesabika. Mita 300 zilitoa mizunguko 136 na spoki 20. Gurudumu moja, karibu mita 2.2.

Hesabu ndefu inataka vihesabio, na hapo mdogo wake binti alipewa kazi aliyoitaka sana. Kila mizunguko mia, ahamishe punje moja ya akamwani kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Walikwenda na kurudi. Mjomba anasukuma, binti anahesabu kwa sauti, mtoto anahamisha punje. Kwenye mteremko wa kijito Mjomba aliishikilia baiskeli gurudumu lisiteleze bila kuzunguka, na kwenye kila kona alifuata mstari mfupi ambao binti huufuata anapokimbia, maana njia ni ya mkimbiaji, si ya baiskeli. Waliporudi, mtoto alimwaga punje zake kwenye kikapu kidogo, akakiweka mezani barazani kwa heshima zote, wakaenda nyuma kunawa matope.

Wakati huo huo wazee watatu wa jirani walikuwa wanaingia uani. Walisikia mkwe wa Babu amefika na kifaa cha kupimia. Kwetu mgeni haketi mdomo mtupu. Kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya viungo na kukaushwa, humtangulia mgeni kabla ya maneno. Babu zetu waliapa undugu wa damu kwa punje mbili za tunda moja. Bibi alitoka, akaona wageni, akaona kikapu, akawapelekea.

Mjomba alipotoka na kitabu cha kuandikia, zilikuwa zimebaki punje kumi na saba.

Kimya kilikuwa kirefu. Wazee waliacha kutafuna. Mtoto alisimama amekunja ngumi, machozi yanamlenga, akaapa kwamba zilikuwa thelathini na nane. Babu, ambaye alikuwa amezipitia kwa macho wakati Bibi anazipitisha, alisema yeye aliona arobaini na tano. Arobaini na tano zingetupa kilomita zisizopungukiwa sana na kumi. Hilo Babu alilijua, na wote barazani walilijua. Bibi alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. "Mgeni hawezi kukaa bila kutafuna," alisema. "Kama ni kilomita ndizo zilizokuwa karibu, basi amekula kilomita. Nendeni tena."

Mjomba hakumkosoa mzee na hakumtetea mtoto. Alisema tu kwamba kipimo kimoja si kipimo, na kwamba hata akamwani zisingeliwa wangerudia. Ni kweli: kupima mara mbili ndiyo kanuni ya kazi yake. Lakini jinsi alivyolisema, na wakati aliochagua, ulikuwa ukwe wa hali ya juu.

Kesho yake hesabu iliandikwa kwenye daftari, vijiti vinne na cha tano kikikata. Mmoja wa wale wazee aliomba kufuatana nao, akatembea njia nzima na fimbo yake akihesabu kimoyomoyo. Mizunguko 3,843. Punje za mtoto zilikuwa kweli thelathini na nane. Walirudi kwenye vijiti vya mita 300 bila kupumzika, wakasukuma tena, wakapata 136 na spoki 21. Tairi lilikuwa limelegea kidogo, nao wakachukua wastani. Njia ya Babu, kwenda na kurudi, ilikuwa mita 8,437.

Binti alifanya hesabu mbele yetu sote, kwa sauti. Dakika zake 34 na sekunde 40 zilikuwa mwendo wa dakika 4 na sekunde 6 na kitu kwa kilomita. Kwa kilomita kumi za haki, dakika 41 na sekunde chache. Uso wake haukubadilika. Alikuwa amekwisha kujua tangu ufukweni. Aliyeinama ni Babu.

Kisha Mjomba akasema jambo ambalo nimelihifadhi. "Baba, saa mbili kwa mita 8,437 ni kilomita nne na ushee kwa saa. Yule karani alikuambia mwendo wa mtu asiye na mzigo. Wewe ulikuwa na gunia la kahawa kichwani, na mlima wa kanisani mbele yako. Hukukosea saa. Yeye alisahau gunia."

Babu aliinua uso. "Gunia lilikuwa zito," alisema.

Nimewasikia ndugu wakinung'unika tangu wakati huo kwamba ile namba nzuri ingeachwa, imtie mtoto moyo. Sikubaliani nao, na nimewaambia. Angekwenda Arusha kwa nauli ya ukoo, na mgeni mwenye saa angemwonyesha siku ya kwanza kwamba ana dakika sita na ushee za ziada, mbele ya watu, mbali na nyumbani. Mtoto anayeamka alfajiri kuumiza mapafu yake anastahili kujua ameyaumizia mita ngapi. Sisi watu wazima ndio tunaodaiwa kumpimia, na kama kifaa hatuna, miguu, chuma na baiskeli tunavyo.

Lilibaki suala la kuzitimiza. Wapimaji wa mbio huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua kwa makosa madogo, hivyo shabaha ilikuwa mita 10,010. Zilihitajika mita 786 zaidi ya kanisa kwa upande mmoja, mizunguko 358. Mjomba alisukuma akihesabu, akapita kanisa, akapita makaburi, na mzunguko wa 358 ukamfikisha mbele ya lango la nyumba ambayo mwezi Oktoba ilikuwa imeleta posa ya mdogo wangu wa kike.

Hapo hapawezi kuwa pa kugeukia. Binti wa nyumba yetu afike mbio kwenye lango la wakwe watarajiwa, mama wa nyumba amekaa anachambua kahawa, kisha ageuze aondoke bila kupiga magoti na kuamkia? Posa ingerudi. Na akipiga magoti, akaulizwa habari za Babu, za Bibi, za mama, za waliolala na walioamka, muda wa kilomita kumi utakuwa wa aina gani? Jambo hili lilijadiliwa nyumbani kwa uzito kuliko hesabu zote zilizotangulia. Wifi, ambaye tangu joho hakuwa amechangia neno kuhusu njia, ndiye aliyelifumbua akiwa kwenye cherehani: sogezeni mwanzo. Kila mita mtakayorudisha huku nyuma, mtaitoa kule mbele. Walirudisha mita 60. Kuanzia sasa kilomita kumi zinaanzia nyuma ya zizi la mbuzi, na zinageukia kwenye mti wa omushambya ambao hauonekani kutoka lango la wakwe.

Jumamosi kabla ya Krismasi binti alizikimbia. Dakika 41 na sekunde 18. Babu alikuwa amenunua salio. Aliwapigia wa Karagwe, wa Ngara na wa Geita, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimweleza namba mbili, ile ya mita 8,437 na hii ya kumi, na kumfafanulia tofauti yake mpaka alipohakikisha ameelewa. Safari ya Arusha iliahirishwa; mchango wa nauli, kwa idhini ya waliochanga, ulinunua raba za kukimbilia. Mjomba alirudi Bukoba na baiskeli yake, na kabla ya kupanda hiace alimkabidhi wifi kamba mpya ya nailoni kwa ajili ya nguo, isiyojali mvua.

Sasa binti yuko shuleni. Kwenye barua yake ya Januari ameandika kwamba mzunguko wa uwanja wao wa michezo, ambao wanafunzi wote wanauita mita 400, ameutembea kwa hatua zake na anauona mfupi. Mwalimu wa michezo amemruhusu aupime Jumamosi pamoja na wenzake, iwapo atapata futi ya chuma. Mjomba amekwisha kuituma kwa basi la asubuhi.